Sema Kana Kwamba Mkalimani Yuko Kando Yako

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikisimama upande wa kushoto wa watu wanaohutubu. Mimi ni mkalimani wa mikutano. Kazi hiyo nimeifanya katika baraza za machifu upande wa Busia ya Kenya, katika mikutano ya LC, yaani halmashauri za mitaa, upande wa Uganda, kwenye harusi, mahafali, matanga na mikutano ya injili, kuanzia Sio Port hadi Tororo mjini. Baba yangu ni Msamia. Mama yangu alizaliwa kwa Wapadhola wa Tororo, akaolewa ng'ambo hii, na lugha yake akaja nayo. Kiteso nilikipata kwa majirani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani.

Pale kushoto ninaona mambo ambayo waliokaa mbele hawayaoni. Naona karatasi inavyotetemeka. Naona kidole gumba kikisugua mshono wa suruali, na shati lililoloa mgongoni kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Nimesimama kando ya maaskofu, madiwani, wakurugenzi na mabwana harusi, na sijaona hata mmoja ambaye mwili wake ulikuwa umetulia kama sura yake. Halafu mkutano ukiisha, nasikia watu wakiambiana njiani: yule amejaliwa, sisi wengine hatukupewa mdomo.

Maneno hayo yananiuma, kwa sababu nayajua matokeo yake. Mtu akishaamini kwamba kusema mbele ya watu ni kipaji walichogawiwa wachache, hukaa kimya. Ushuru wa soko huamuliwa akiwa kimya. Kibanda chake huvunjwa ili barabara ipite, akiwa kimya. Jioni yake, nyumbani, anazungumza vizuri kupindukia, na wa kumsikia ni mume, watoto na kuku.

Mimi mwenyewe sikupewa mdomo. Mwaka 1998 nilikuwa msichana wa miaka 17, mwimbaji wa kwaya. Kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, mhubiri ametoka mbali na anasema Kiingereza. Mkalimani aliyepangwa akaugua malaria asubuhi ileile, nami nikasukumwa mbele kwa sababu alama zangu za Kiingereza zilikuwa nzuri. Mhubiri alianza. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na sentensi nyingine mbili tumboni, na alipopumua mimi nilikuwa nimebaki na kipande tu cha mwanzo. Nikakitoa. Akaendelea, mbio zaidi. Mara hiyo sikutoa kitu. Kisamia, lugha niliyonyonya, kilinitoka kichwani chote. Uwanja ulinyamaza. Nilisikia turubai likipigwa na upepo.

Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja mzee, ambaye kwetu tungemwita kukhu, amejifunga kitenge mabegani. Akaniambia kwa Kisamia, bila kupaza sauti: "Mwanangu, sema ulilolisikia. Mengine acha."

Nikasema nililolisikia. Lilikuwa sentensi moja. Watu wakaitikia "Amina", na kile kiitikio kikanirudishia pumzi. Kisha nikamgeukia mhubiri, mtu mzima, mgeni wa heshima, nikamwomba atoe maneno mafupi kisha anisubiri. Akakubali. Kuanzia hapo mahubiri yake yakawa mazuri kuliko yalivyoanza. Kila alipotua kunisubiri, alipata nafasi ya kuwatazama watu na kujua kama wamemwelewa. Alipoona hawajaelewa, alirudi nyuma akaliweka lile neno kwa namna nyingine.

Siku ile ilinionyesha jambo ambalo nimeliona likithibitika mamia ya mara tangu hapo. Mtu anayezungumza kupitia mkalimani analazimika kujua sentensi yake inaishia wapi. Hawezi kuanza jambo asilojua atalimalizaje, kwa kuwa kuna mtu kando yake anayesubiri kulibeba, na mzigo usiofungwa vizuri humwagika hadharani. Ndiyo sababu, vijana wanaponiuliza wafanye nini ili waweze kuhutubia, siwaambii wapanue kifua wala wajitazame kwenye kioo. Nawaambia waseme kana kwamba mkalimani yuko kando yao.

Na kwa hapa kwetu, mkalimani yuko kweli, hata asipoonekana. Busia mji mmoja, nchi mbili. Wakae watu 50 chini ya mwembe, utakuta Wasamia, Wakhayo, Wateso, Waluo, Wapadhola, Waganda waliofuata biashara, na madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zigongwe muhuri. Kila mmoja anayabeba maneno yako kutoka lugha unayoitumia hadi lugha anayofikiria. Ukimwachia sentensi ndefu yenye mikia, ataibeba nusu. Mji huuhuu ulikwisha kutoa neno lililoenea Afrika Mashariki nzima, na lilienea kwa sababu lilikuwa fupi na lilitimiza kazi yake. Waendesha baiskeli wa zamani, waliokuwa wakipakia abiria kuwavusha kipande cha barabara kati ya kituo cha forodha cha Uganda na cha Kenya, walilichukua neno la Kiingereza la mpaka wakalitamka mara mbili: boda-boda! Aliyeshuka kwenye basi, awe Mganda au Mkenya, alijua papo hapo anaambiwa nini. Wale vijana walikuwa wahutubu wazuri sana. Walijua msikilizaji ana mzigo mkononi, jua linamchoma, na hana muda.

Sasa nieleze habari ya mahindi, maana ndiyo iliyonifanya nitake kuandika makala haya.

Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini inayoletwa na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Malori yalijipanga Busia na Malaba. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka, na iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwa kampuni yenye lori na karani, hayo ni makaratasi ya wiki moja. Kwa mama anayenunua magunia kwa pesa za kikundi, ule ulikuwa ukuta.

Ukaitishwa mkutano mmoja wa wafanyabiashara, nami nikaitwa kukalimani. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana msomi, mtu mwema, aliyejitolea kuwasemea akina mama. Alikuwa na kurasa nne. Alisoma kuhusu utangamano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, itifaki ya soko la pamoja, fursa na changamoto. Nilikalimani kila neno, na kila neno lilikuwa sahihi. Lakini kwa mahali niliposimama niliona macho ya watu yakiondoka moja moja, kama ndege wanaotoka kwenye waya. Afisa aliyekuwa mbele yetu alikuwa akisoma simu yake.

Kisha akasimama mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Mkononi alikuwa ameshika bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia ili kutoa punje za kukagua. Alikishika kwa mikono miwili, na kilikuwa kikitetemeka. Akasema:

"Nina magunia 40, yako Tororo. Pesa ni za wanawake 12. Nataka kujua mambo matatu: nitapimiwa wapi, kwa bei gani, na majibu yatachukua siku ngapi?"

Akabaki amesimama. Nilipoyapeleka maneno yake kwa Kiingereza sikuhitaji kufikiri. Yalikuwa yamefungwa vizuri. Afisa aliweka simu mezani, akachukua kalamu, akaandika yale matatu. Mawili aliyajibu palepale. La tatu alisema hana jibu na atalileta, na watu zaidi ya 100 walimsikia akisema hivyo. Baada ya hapo mkutano wote uliendeshwa kwa maswali yake. Kila aliyesimama alianza na magunia yake mangapi, yako wapi, anataka kujua nini.

Watu walisema yule mama amejaliwa. Mimi najua alivyoutumia usiku wa kuamkia siku ile, kwa sababu alikuwa jikoni kwangu. Alikuja saa moja jioni akiwa na hasira, na akazungumza kama robo saa bila kutua: habari ya mvua, habari ya dalali aliyemwongopea, habari ya mkopo, habari ya mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, habari ya serikali. Nilipomaliza kusikiliza nikamrudishia yote kwa Kipadhola, kama nilivyoyapokea. Akashangaa. "Lakini dada, sivyo nilivyosema." Nikamwambia, "Ndivyo nilivyosikia, dada." Akarudia, akiwa amepunguza. Nikamrudishia tena. Mara ya tatu aliliacha lile la dalali mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu aliona linamla muda na halimpi jibu. Mara ya tano au ya sita zilibaki sentensi tatu. Alipozisikia zikirudi kutoka kinywani mwangu kama alivyozituma, alicheka, akaomba chai.

Basi ujasiri wake alitoka nao kwangu usiku huo. Mikono ilitetemeka asubuhi kama mikono yoyote, lakini alijua anachokibeba na alikwisha kuona kinavyopokelewa upande wa pili. Njia hii haina gharama. Mtafute mtu mmoja mnayeelewana, mwambie jambo lako, kisha mwombe akurudishie kwa lugha nyingine. Asiyejua lugha ya pili na akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Usimuulize kama ulisema vizuri, maana atakusifu kwa upendo. Sikiliza tu kilichorudi. Kisichorudi hukukisema, hata kama ulikitamka.

Kuhusu kutetemeka, nawasihi watu wasipigane nako. Bambo lilimsaidia yule mama kwa sababu ni kitu cha kazi yake. Mikono ilikikuta mahali ilipokizoea. Nimemwona mwalimu akishika chaki, fundi akishika futi, mzee akishika fimbo yake. Kwa jirani zetu Wabukusu, siku chache baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, msemaji wao husimama asubuhi kuwafariji watu na kuwakumbusha historia ya ukoo. Wenyewe huita khuswala kumuse, na jina la Mzee Manguliechi lilikuwa kubwa katika kazi hiyo. Mzee mmoja niliyemtazama akiifanya huko Bungoma alikuwa akitembea. Anakwenda hatua kadhaa na fimbo yake, anasimama, anatua, anageuka. Ule mwendo ulikuwa ukimpa pumzi na ukitupa sisi nafasi ya kumfuata. Hakuwa na karatasi wala kipaza sauti. Alikuwa na jambo la wafu na jambo la walio hai, na alijua lipi linatangulia.

Ninapofika Tororo, hata hivyo, kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni lugha yenyewe. Sisi tuliokulia upande wa Kenya tunadhani Kiswahili ni mkeka uliotandikwa kwa wote. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa la Uganda, lakini watu wengi wa huko walikuwa wakikisikia zaidi kutoka kwa askari: kizuizini barabarani, usiku mlangoni, kikiwa ni amri. Mzee aliyewahi kulazwa kifudifudi kando ya barabara kwa Kiswahili hasahau. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni mambo mema na nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini sikio lina kumbukumbu yake, na mhutubu lazima aliheshimu.

Nilikuwa na kijana mmoja wa Nambale aliyekwenda kuzungumza na wakulima upande wa Tororo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, sauti kubwa, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa. Alianza kwa kishindo. Nikaona wazee wa mbele wamekunja mikono vifuani. Nikamnong'oneza: wasalimie kwanza, kwa Kipadhola, hata kama utakosea. Akakosea. Wazee wakamsahihisha, akarudia, wakacheka naye, mikono ikafunguka. Aliendelea kwa Kiswahili kilekile, polepole zaidi, na wakamjibu kwa Kiswahili. Walikuwa wanataka kujua tu kama amekuja kuamrisha au kuzungumza. Siku hizi sikubali kusimama na mtu asiyejifunza salamu ya anakokwenda. Mulembe kwa Waluhya, Yoga kwa Wateso. Ni neno moja, na dakika za kulijifunza zinapatikana ndani ya matatu.

Huu woga wetu wa kusema ulianzia wapi? Najua ulikoanzia wangu. Shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba kilichoitwa disiki. Aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, akakitembeza hadi amkamate mwenzake akisema, ampe yeye. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Nilijifunza kunyamaza wakati wa mapumziko, kwa kuwa kunyamaza hakukuwa na kosa. Wenzangu wa ng'ambo ya Uganda wamenisimulia mambo yaleyale. Tulifundishwa tukiwa na miaka minane kwamba kufungua mdomo ni hatari na kwamba kila neno lina askari wake. Kisha tukiwa na miaka 40 tunaitwa mkutanoni na kuambiwa, "Jamani, changieni, mbona mko kimya?"

Nina watoto ninaowafundisha siku za Jumamosi, wa pande zote mbili za mpaka. Siwapi mada za kubishana kama mwalimu ni bora kuliko daktari. Nawaambia: nieleze mama yako anavyonunua na anavyouza. Mmoja hueleza omena, yaani dagaa, inavyotoka Port Victoria, inavyoanikwa, inavyopimwa kwa debe, inavyobadilika jina kuwa mukene ikivuka. Hueleza kwa lugha anayoitaka, na mwenzake humkalimani. Mtoto ambaye mwalimu ameniambia haongei kabisa, nimemsikia akieleza tofauti ya omena ya jua na omena iliyonyeshewa mpaka nikatamani kuandika. Shule zetu zingeweza kufanya hivyo kila Ijumaa. Midahalo ya Kiingereza iendelee, lakini iwepo na ya Kiswahili, na iwepo saa ya mtoto kusimama na kueleza kazi anayoijua kwa lugha anayoiota.

Eneo hili halijakosa watu wa kutuonyesha. Kwenye nyumba moja ya Kisamia, ya kasisi Mwanglikana Jeremiah Awori, walitoka Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, na Aggrey Awori, aliyekuwa mbunge wa Uganda na akagombea urais wa huko mwaka 2001. Ndugu wawili, mabunge mawili. Julia Ojiambo aliingia bungeni mwaka 1974 akitokea Busia, akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi nchini Kenya, wakati ambapo mwanamke kushika kipaza sauti hapa kwetu lilikuwa jambo la kusimuliwa vijiji vitatu. Seneta wetu wa sasa wa Busia, Okiya Omtatah, aliyechaguliwa 2022, si wakili, lakini kwa miaka mingi amesimama mbele ya majaji akiendesha mwenyewe kesi za kutetea umma. Kukubaliana na kila hoja yake si lazima. Angalia tu anavyokuja: na faili, na kifungu cha sheria, na ombi analolitaka mahakama ilitamke. Ombi hilo ndilo ninalotaka akina mama wa sokoni waige.

Nikisema haya yote juu ya wasemaji, sitawaacha wanaoitisha mikutano. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Uganda nayo ilianzisha mwaka 2009 mikutano ya wananchi kuwauliza maafisa habari za huduma na fedha, ikaipa jina letu la Kiswahili, baraza. Sheria ipo, jina lipo. Lakini nimekalimani mikutano ambayo waraka wa kurasa nyingi uligawiwa asubuhi ileile, kwa Kiingereza peke yake, kwa watu ambao walifunga vibanda vyao ili waje. Saa nzima ya kwanza hupita viongozi wakitambulishana na kutajana vyeo. Itifaki ikishazingatiwa, jua limepanda, akina mama wanafikiria samaki waliowaacha, na mwananchi anapewa dakika mbili. Huwezi kumlaumu mtu huyo kwamba hajui kuzungumza.

Ninachoomba si kikubwa. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe sokoni, kanisani na msikitini wiki moja kabla. Wananchi watangulie kusema, viongozi wafuate, ili kiongozi ajibu kilichosemwa badala ya kusoma alichokuja nacho. Kipaza sauti kizunguke kwa waliokaa, kisimngoje mtu aliyebeba mtoto mgongoni apenye kati ya viti hadi jukwaani. Awepo mkalimani anayelipwa na kupewa waraka mapema, maana mkalimani aliyeokotwa mlangoni hukata maneno ya wanyonge kwanza. Nasema hivi kwa kuwa nami niliwahi kuokotwa. Na majibu yaandikwe, yasomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia mwezi Februari 2018, marais Kenyatta na Museveni walikuja wenyewe, na tangu hapo msafiri anagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Nilifurahi. Nilitumaini pia kwamba siku moja tungepata ukumbi mmoja ambamo mfanyabiashara mdogo wa pande zote mbili angesimama, aseme mara moja, asikike na serikali mbili. Bado natumaini.

Kuna mkutano wiki hii kuhusu mtaro unaopita nyuma ya meza za samaki. Jana usiku alinipigia simu mama mmoja muuza omena. Hajawahi kusema mkutanoni, wala kanisani hasomi matangazo. Amehesabu mwenyewe: meza 31 ziko kando ya mtaro, mvua kubwa tatu zimeshafikisha maji kwenye meza 19. Alianza na habari ya baba yake aliyemwachia biashara ile. Nikamwacha amalize. Nikamrudishia kwa Kisamia, polepole, na nikamsikia kwenye simu akivuta pumzi.

"Dada," akasema, "baba tumwache?"

"Wewe ndiye unayejua."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza upya: "Meza 31 ziko kando ya mtaro. Nataka mtuambie utafunikwa lini."